Dirisha la Mto

Funguo za ofisi nimeshakabidhi, na kiti changu nasikia kinagombaniwa. Haya, kigombanieni, mguu mmoja umelegea na sikuwahi kuutengeneza. Mkuu wa kitengo ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki yale niliyoyaona kazini. Vyeo sitaviandika, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikuniongezea akili. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari ya dirisha moja tu la kompyuta na watu waliokuwa wakilitegemea, kwa sababu nikijiuliza ni kazi gani ya maana niliyoifanya katika miaka yote ile, ndilo linalonijia kwanza.

Niliingia mradini Kibiti wakati ruksa ya biashara imeshakolea. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, ushirika wa korosho ulikuwa hoi, na kila penye kibaraza mtu alikuwa ametundika mitumba au amefungua banda la video. Katika vuguvugu hilo wafadhili wakaleta mradi wa kuangalia mikoko ya delta na maji ya mto, na pamoja na magari wakaleta kompyuta mbili kubwa zenye mfumo wa Unix. Mimi ni binti wa Kimatumbi, mzaliwa wa ng'ambo ya pantoni ya Ndundu. Nilikuwa nimesomea ufundi wa umeme Dar es Salaam. Siku ya kwanza nilipofika getini na bahasha ya vyeti kwapani, mlinzi aliniuliza kama vitumbua vyangu bado vya moto.

Aliyenipokea ndani ni Mzee Kulwa, fundi mkuu wa mradi, Mnyamwezi wa Tabora aliyeanzia kazi kwenye simu za waya enzi za ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Wanyamwezi ni watani wetu sisi watu wa pwani, kwa hiyo hatukuhitaji siku za kuzoeana.

"Mmatumbi," alisema kabla sijaketi, "kwenu mnajua umeme au mnajua radi tu?"

"Shikamoo kwanza, babu. Radi tunaijua sana, ndiyo maana hatusimami karibu na Wanyamwezi warefu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua droo, akanipa bisibisi yake mwenyewe, ile aliyoifunga mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isiteleze mkono ukitoka jasho. Nilidhani somo la kwanza litakuwa la bisibisi. Alivuta kiti kimoja, akakiweka nyuma ya kiti cha mpokeaji wa redio, akaniambia nikae hapo wiki nzima nimwangalie anavyofanya kazi, nisimsemeshe, nisimsahihishe. "Mtu hafanyi vile anavyosema anafanya," alisema. "Ukimuuliza atakusimulia kazi yake kama anavyoitaka iwe. Kaa nyuma yake uione ilivyo." Nimefundisha mafundi wengi tangu siku ile na wote nimewaanzishia kwenye kiti hicho. Wengine walinuna.

Mpokeaji niliyewekwa nyuma yake alikuwa Bi Tatu, mwanamke wa Mbuchi, mnene wa sauti na mwepesi wa mkono, ambaye zamani alikuwa mpiga chapa wa ushirika hadi ushirika ulipompunguza. Kibiti nzima ilimjua kwa majibu yake na kwa adabu yake, na vyote viwili hakuvifanyia ubahili. Kila asubuhi alivua kitambaa cha kudarizi alichoishonea kompyuta, akakikunja, akapangusa kibodi, akasema bismillahi, ndipo akawasha kioo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Huko juu, mto unakopita kwenye magenge ya mawe, palikuwa na kituo cha kupima kina cha maji. Kila baada ya muda kituo kilituma kipimo kwa redio, na kwenye kompyuta yetu palikuwa na dirisha dogo la terminali, maandishi meupe juu ya weusi, lililokipokea na kukiandika mstari kwa mstari. Sisi tuliliita dirisha la mto. Maji yakipanda kule juu yana safari ndefu kabla hayajafika bondeni, na muda wa safari hiyo ndio nafasi ya watu kuhama. Bi Tatu akiona vipimo vinapanda, anashika redio ya upepo, anamwita karani wa Mbuchi na wa vijiji vingine vya delta, nao wanapiga mbiu mashambani.

Ninaposema mashambani, asiyejua bonde letu anielewe. Mpunga wa Rufiji haulimwi na mtu anayelala nyumbani. Msimu wa mpunga watu huhamia bondeni kabisa, wakaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, wafukuze ndege mchana na nguruwe jioni. Mama yake Bi Tatu, Bibi Mwanahamisi, alikuwa na dungu lake mwisho kabisa wa bonde la Mbuchi, na kila msimu alikaa huko peke yake na redio ya mkulima, ile ndogo ya betri, chungu, na ulimi mkali kuliko wa bintiye. Bi Tatu alimsihi mara ngapi ahamie Kibiti. Jibu lilikuwa lile lile: "Mpunga haujiangalii."

Najua mmoja wenu mjanja ameshaanza kutikisa kichwa. Anasema, kwa nini programu ya kupokea iwe ndani ya dirisha, si mngeiendesha nyuma ya pazia isimtegemee mtu? Mwanangu, tuliifanya hivyo mwanzoni. Ilipokea vizuri sana na hakuna aliyesoma. Kipimo kisichoonwa hakimtoi mtu bondeni, kwa hiyo Mzee Kulwa akairudisha mbele, pale jicho linapokwenda lenyewe. Tatizo ni kwamba dirisha hilo lilikuwa dirisha kama madirisha mengine yote. Lilikuwa na fremu, na kwenye pembe ya juu kushoto ya fremu kitufe kidogo. Ukikibonyeza mara mbili kwa haraka, dirisha linafungwa, na programu iliyo ndani yake inakufa hapo hapo bila kuaga.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa mpunga, na wazee wanne wa Mbuchi walikuja ofisini kulalamikia vibali vya kukata boriti za mikoko. Walitaka kuoneshwa kwenye ramani ni wapi wameruhusiwa na wapi wamekatazwa. Hao ni wazee wa Bi Tatu. Mmoja alikuwa kaka wa mama yake. Aliwaamkia wote kwa zamu, akawapa viti, akaagiza chai, kisha akafanya ambalo mwanamke yeyote aliyelelewa kwetu angelifanya kabla ya kumkaribisha mjomba wake mahali: alisafisha. Kila dirisha lililokuwa wazi kwenye kioo alilifunga, moja baada ya jingine, kitufe cha pembeni, mara mbili, mara mbili, mpaka kioo kikawa kitupu na safi. Ndipo akafungua ramani ya mikoko na kuwaambia karibuni. Niliona kwa macho yangu, maana nilikuwa mlangoni na birika, na nikawaza jinsi alivyowaheshimu wazee wake. Dirisha la mto lilikuwa miongoni mwa yale yaliyofungwa, na hakuna kati yetu aliyeliwaza.

Wazee walikaa sana, wakala, wakasali pale pale, na walipoondoka ilikuwa saa ya kufunga ofisi. Asubuhi yake Bi Tatu alipolifungua dirisha la mto, vipimo vya jana havikuwamo, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuvipokea. Kilichofika muda mfupi baadaye kilikuwa kikubwa mno. Alinigeukia, akasema, "Dada, hiki kimerukaje?" Kisha akaelewa, na akaikimbilia redio. Mbuchi walijibu kwamba wanayaona maji tayari.

Hakufa mtu, na hilo tunamshukuru Mungu. Mbuzi walikwenda, mpunga ulikwenda, mitumbwi iliyofungwa ovyo ilikwenda. Bibi Mwanahamisi alipatikana ameketi juu ya paa la dungu lake, nguzo mbili zimeshalegea, viboko wanapiga maji chini yake, naye anawatukana. Vijana waliomtoa kwa mtumbwi walisema hakunyamaza hata walipokuwa wanavuka mkondo. Ilisimuliwa kwa kicheko Kibiti nzima, ila Bi Tatu hakucheka. Wiki nzima alikuja kazini, akafanya kazi, akaondoka, na hakujibizana na mtu. Ilinihuzunisha kuliko kama angelia.

Mkuu wa mradi alikuwa Bwana Festo, mtu wa bara, msomi wa maji, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mafuriko. Hakuwa mbaya. Alikuwa na wakubwa wake wa kujibu, na jibu jepesi lilikuwa kumfukuza mtu. Alituita mimi na Mzee Kulwa akasema Tatu aondoke mwisho wa mwezi.

Nilikuwa bado mgeni kazini, lakini wiki ile kwenye kiti cha nyuma ilikuwa imenipa ujasiri. Nikamwambia, "Mkuu, ukimtoa Bi Tatu utaleta mwingine wa hapa hapa, naye atakuwa na wajomba. Mjomba akija, atasafisha. Hatuwezi kuajiri mtu asiye na adabu ili mto uwe salama. Tulifunge dirisha mikono, lisiweze kufungwa."

"Linawezekana hilo?"

"Linawezekana," nilisema. Nilikuwa sijui bado ni kwa namna gani. Mzee Kulwa, aliyekuwa anajua kwamba sijui, alitazama dari.

Bwana Festo alifikiri, akatoa masharti yake mbele ya Bi Tatu mwenyewe ili kusiwe na maneno baadaye. Abaki. Ila dirisha la mto likifungwa tena, kwa mkono wa yeyote yule, Bi Tatu ndiye mpokeaji na Bi Tatu ataondoka. Bi Tatu aliitikia kwa kichwa. Jioni ile aliniambia kwamba kazi si kitu, alishawahi kukosa kazi na hakufa. Lakini mama yake ameshaagiza nguzo mpya za dungu. "Anarudi kule kule," alisema. "Basi nikiondoka mimi hapa, nani atamwangalia?"

Hapo ndipo nilipojifunza Unix, vijana, na si kwenye semina. Mfumo ule ulikuwa na meneja wa madirisha, programu inayochora fremu na kuamua kila dirisha linaweza kufanya nini: kufungwa, kupunguzwa likawa kipicha, kusogezwa, kubadilishwa ukubwa. Meneja huyo anatii faili dogo la maandishi. Mzee Kulwa alinipa kitabu chake kinene, akanifungulia ukurasa na kuniacha. Nikaandika kwenye faili kwamba dirisha lenye jina la mto lisiwe na kitufe cha pembeni wala menyu yake, lisikubali kufungwa, lisipunguzwe, lisisogezwe, na libaki juu ya mengine daima. Nikawasha upya. Dirisha likatokea pembe ya juu kulia, fremu tupu, halina pa kushika. Nilijiona mwanamke wa kwanza Rufiji kuufunga mto kamba.

Mzee Kulwa alimwita Bi Tatu, akamkalisha, akamwambia, "Leo wewe ni adui. Livunje."

Alilivunja kabla chai haijapoa. Alikwenda kwenye menyu ya ndani ya terminali, ile iliyo juu ya maandishi, akachagua kufunga, likafungika. Nikaiondoa menyu ile. Akabonyeza Control na C kwa pamoja, programu ikakatika. Nikaifundisha programu kutosikia amri hiyo, na hata ikifa kwa namna nyingine yoyote, ijiwashe tena papo hapo. Palikuwa na vitufe chini ya kioo vya kuhama chumba kimoja cha kazi kwenda kingine, vyumba vya humo humo kiooni, kila kimoja na madirisha yake. Akahamia chumba cha pili, akaliacha dirisha la mto chumba cha kwanza likizungumza peke yake. Nikaliamuru liwemo katika vyumba vyote. Sasa Bi Tatu alikuwa ameanza kupata raha. Alimwita dereva, akamwita mpishi, akamwita yule mlinzi wa vitumbua, kila mmoja akabonyeza anavyojua. Mlinzi alibonyeza kwa ngumi. Dirisha halikutoka, na kwa mara ya kwanza tangu maji yale nilisikia Bi Tatu akimjibu mtu.

Kitu kilichonitisha kikaja siku ambayo hakuna aliyekuwa anajaribu. Bi Tatu alipangusa kibodi kwa kitambaa kama kawaida yake ya asubuhi. Mchana Mzee Kulwa akaniuliza mbona mto umetulia sana leo. Dirisha lilikuwa wazi, zuri, mistari imepangika, ila mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi. Tulihangaika hadi tukagundua kwamba kile kitambaa kilikuwa kimekandamiza Control na S, na kwa Unix hiyo ni amri ya kale ya kusimamisha maandishi yasiendelee. Vipimo vilikuwa vinafika na kurundikana nyuma, na kioo hakisemi. Nikiwausia jambo moja la ufundi litakuwa hili: dirisha lililofungwa utaligundua, kwa sababu halipo. Lililo wazi na limeganda litakuua huku unalitazama. Niliizima amri hiyo, kisha nikaongeza saa ndani ya dirisha, iliyokuwa inatembea muda wote, ili macho yajue kwamba kuna uhai.

Kazi ilipokamilika Bwana Festo alikuja kuikagua, akajaribu kulifunga, akashindwa, akaridhika. Akasema, "Vizuri. Sasa kwenye akaunti yangu mimi niachie vitufe vyote."

Nikamwangalia Mzee Kulwa. Mzee alikuwa ana bisibisi mkononi na hakuinua kichwa. "Kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mkubwa," alisema, "wadogo wote wataomba mfuko."

"Mimi ndiye mwenye ofisi, Mzee Kulwa."

"Mkuu," nikasema, "wewe ndiye mwenye wageni wengi kuliko sisi sote."

Hakupenda. Alirekebisha kola, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, na mimi nikaichukua kuwa ndiyo. Lililobaki ni neno la siri la msimamizi wa mfumo, ambalo mwenye nalo angeweza kuua chochote, hata dirisha la mto. Mtaani kwetu sanduku la msikiti lina kufuli mbili. Imamu ana ufunguo mmoja, mweka hazina mwingine, na hawafungui mpaka wamekaa pamoja. Nikafanya hivyo hivyo. Nusu ya kwanza ya neno niliijua mimi, nusu ya pili aliitunga Bi Tatu na akaiandika yeye nikiwa nimegeuza uso ukutani. Mzee Kulwa alisema kwao Tabora hawashukiani kiasi hicho. Nikamwambia ndiyo maana misikiti yenu haina rangi.

Msimu uliofuata Mzee Kulwa alistaafu, akarudi kwao kufuga nyuki. Aliniachia kitabu kinene, kiti cha nyuma, na maneno machache sana. Kompyuta moja kati ya zile mbili ilikuwa imeshakufa kwa vumbi na umeme wa kubahatisha, kwa hiyo kazi zote za ofisi, ramani na mto, zilibaki kwenye ile moja. Bondeni mpunga ulikuwa unachanua, na Bibi Mwanahamisi alikuwa juu ya nguzo zake mpya.

Ndipo wakaja wafadhili wenyewe kuangalia kama mradi uendelee au ufungwe. Ofisi ilipakwa chokaa. Bi Tatu alipika pilau tangu asubuhi kisha akaja kuketi pale redio ilipo, na Bwana Festo akaketi mwenyewe mbele ya kioo kuwaonesha ramani ya mikoko, safu ya wageni nyuma yake, daftari magotini. Ramani ilikuwa nzuri kweli. Ila pembe ya juu kulia, juu kabisa ya sehemu aliyotaka kuwaonesha, kulikuwa na kidirisha cheusi chenye tarakimu na saa inayotembea.

Alijaribu kukisogeza, kikakataa. Akatafuta kitufe cha pembeni, hakipo. Akahamia chumba cha pili cha kazi, kikamfuata, na mgeni mmoja akacheka kwa upole. Masikio ya Bwana Festo yalibadilika rangi. Akaniita kwa kidole, akanong'ona.

"Dada, kitoe hiki."

"Hakitoki, mkuu. Ulikikagua mwenyewe."

"Una neno la siri la msimamizi."

"Nina nusu. Nusu nyingine anayo Bi Tatu."

Akageuka. Sasa hakunong'ona tena. "Tatu, njoo uandike hapa. Wageni wanasubiri."

Nilimtazama Bi Tatu akisimama, na niseme wazi kwamba niliogopa. Namjua mtu wa kwetu mbele ya mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumenyonyeshwa hayo na maziwa. Wageni wenyewe ndio waliokuwa wameshika uhai wa mradi, na mkubwa wake amemwamuru kwa sauti. Mimi nusu yangu nilikuwa nimeshaamua kuimeza, lakini kama yeye angekubali ningebaki peke yangu na sijui ningesimama hadi lini. Alikuja mpaka kwenye kompyuta. Akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Naomba unisamehe, mkuu," alisema. "Wageni nimewapikia, ntawatandikia, na wakitaka ntawafulia. Lile dirisha siligusi."

"Unakumbuka tulivyokubaliana kuhusu kazi yako?"

"Nakumbuka. Nifukuze leo hii. Mama yangu yuko bondeni, na mkono huu ushamfungia mara moja."

Wageni hawakujua Kiswahili chote, lakini walijua kwamba hapo pana jambo. Bwana Festo alifungua mdomo, na sijui alitaka kusema nini, kwa sababu kompyuta ililia kengele yake ndogo na mstari mpya ukajiandika. Sote tuliuona, maana ulikuwa katikati ya ramani yake. Bwana Festo alikuwa msomi wa maji, na kipimo kile hakikuhitaji kufafanuliwa. Akakisoma, akasubiri, na kilichofuata kilikuwa kimepanda zaidi.

Akasimama. Akakishika kiti chake mwenyewe akakisogeza pembeni, akawaambia wageni kwa lugha yao wasimame nao, wampishe mama apite kwenda kwenye redio. Mmoja alikanyaga waya, nikauokota. Kwa hilo namheshimu Bwana Festo hadi leo, maana kuna watu ambao wangeyaacha maji yashuke kwanza kuliko heshima yao.

Bi Tatu alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Mbuchi, Mbuchi, Kibiti hapa. Maji yanakuja, makubwa kuliko ya msimu uliopita. Toeni watu bondeni. Nasema tena, toeni watu wote." Akavuta pumzi. "Na yule bibi wa dungu la mwisho, atawaambia mpunga haujiangalii. Mbebeni. Matusi yake yote ntayapokea miye."

Alirudia kwa kila kijiji. Wageni walikula pilau wamesimama, huku mmoja wao ameketi nami nyuma ya Bi Tatu akiniandikia vipimo kwenye daftari lake. Ramani haikuoneshwa tena siku ile, na hakuna aliyeiulizia.

Kesho yake maji yalipita bondeni. Yalipita usawa wa nguzo, kisha usawa wa sakafu za madungu, kisha paa, na karani wa Mbuchi alituambia kwamba ukisimama penye mwinuko huoni palipokuwa na shamba la mtu. Tulimuuliza kuhusu watu. Alisema wengi wameshafika kwenye mwinuko, ila mitumbwi ya mwisho haijafika, na yule bibi yumo humo. Kisha redio ikakata.

Bi Tatu hakuinuka pale. Swala ya adhuhuri aliisali kando ya redio, akarudi kwenye kiti. Bwana Festo aliingia mara mbili, akasimama mlangoni, akatoka. Mimi niliendelea kumsomea vipimo, kwa kuwa ndiyo kazi, na yeye akaendelea kuviita vijiji vya chini, sauti imenyooka, hakuna ambaye angejua. Alasiri redio ikakoroma.

"Kibiti, Kibiti, Mbuchi hapa. Kuna mtu anataka kusema nanyi. Hajui kubonyeza, namshikia mie."

Kukawa na kelele za watu na mbuzi, halafu sauti kali ya kizee, kama mtu anayeongea na aliye ng'ambo ya mto.

"We Tatu! Mpunga wangu wote umekwenda. Chungu kimekwenda. Dungu lenyewe limekwenda, na nguzo zake mpya!" Akakohoa. "Miye nipo."

Bi Tatu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu wa Kibiti aliyaacha majibu yote, machozi yakamtiririka mpaka kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," ikajibu redio. "Marahaba, mwanangu."